Wa katikati aliulizwa?

Andiko langu la utafiti limepita kwenye jopo la chuo, posa ya Rehema wetu imepokelewa, na bado kinachonizunguka kichwani wiki nzima ni neno moja la Mjomba.

Ilikuwa Bahi, Dodoma, Jumamosi, tukiwasubiri wageni wa posa. Mjomba akaniuliza kama anavyoniuliza kila nikienda: "Hivi mwanangu, huko chuoni unasomea nini hasa?" Safari hii nilitaka aelewe kweli. Nikamwambia nasomea jinsi simu na vifaa vingine vinavyoweza kuwasiliana pasipo mnara, kila kimoja kikipokea ujumbe wa mwenzake na kuusogeza mbele. Na kwa kuwa wenye vifaa wanatembea, njia hukatika na kutafutwa upya kila mara. "Ni kama kuitana mashambani, Mjomba. Wa huku asiposikika kule, wa katikati anaipokea sauti na kuipeleka."

Alikuwa na kitochi chake mkononi, kile ambacho mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akakigeuzageuza.

"Sasa huyo wa katikati, chaji yake inaisha kwa maneno yasiyo yake?"

"Ndiyo, kidogo kidogo."

"Aliulizwa?"

Nikakosa la kusema. Wageni wakapiga hodi, akainuka kuwapokea.

Sikuona dhihaka yoyote usoni mwake. Huyu ni mtu anayelipia kuchaji simu dukani kwenye sola, kisha anaizima ili imfikishe kesho. Kwake chaji ni hela. Jopo zima liliniuliza idadi ya nodi (vifaa vilivyomo kwenye mtandao), kasi ya mwendo na pakiti (vipande vya ujumbe) zinazopotea, wala hakuna aliyeuliza habari za wa katikati. "Aliulizwa?" Alilisema taratibu, huku akiangalia simu, si mimi.

AODV ndiyo itifaki, yaani kanuni za vifaa kutafutiana njia, niliyokaa nayo kuliko zote. Waraka wake, RFC 3561 wa mwaka 2003, ulioandikwa na Perkins, Belding-Royer na Das, naupenda kwa sababu hautafuti njia mpaka ihitajike. Unayetaka kumfikia mtu unatangaza ombi. Jirani anamtangazia jirani, kila mmoja akikumbuka limemjia kutoka kwa nani. Likimfikia mlengwa, jibu linarudi kwa nyayo zilezile. Namba za mfuatano zinazuia pakiti kuzunguka bila mwisho. Kazi safi sana. Ila inapochagua njia, inatazama upya wake na idadi ya vituo. Betri ya wa katikati haimo kabisa.

Wapo waliomfikiria mtu anayekataa kubeba. Mwaka 2000 mtafiti Marti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walibuni mlinzi wa kiprogramu anayesikiliza kama jirani kweli amepeleka pakiti aliyopewa. Asiyepeleka anakwepwa njia zinapochaguliwa. Safari hii nimeisoma kazi hiyo kwa sikio la Mjomba, ikanikera. Mlinzi hawezi kujua kama jirani ni mharibifu au betri yake ndiyo inakata roho. Wote wanapewa alama ileile.

Usiku wa kuamkia leo, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikafungua RFC 3626, ya OLSR, itifaki nyingine ya kazi hiyohiyo. Kumbe imo! Kila nodi, ndani ya ujumbe wake wa HELLO (salamu kwa majirani), inatangaza utayari wa kubeba mizigo ya wengine, kuanzia 0 hadi 7. Sifuri ni kwamba msinipitishie kitu. Saba, nipo wakati wote. Waraka wenyewe unatoa mfano: kifaa kilichochomekwa kwenye umeme kitangaze 7, kikichomolewa kishuke, tuseme 3, na chaji inavyopungua kiendelee kushuka mpaka 0. Clausen na Jacquet, mwaka uleule wa 2003. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Anaulizwa, Mjomba! Kwa mpangilio wa kawaida, kila baada ya sekunde 2 anajisemea mwenyewe.

Kimoja tu hakijanikaa sawa: asiyesema lolote anahesabiwa 3, yaani yumo. Mimi naona mwenye betri ndogo aanze na 0 mpaka atakapojitolea. Jumatatu nampelekea Dokta, msimamizi wangu, pendekezo hilo liingie kwenye majaribio. Atasema mtandao utakatika vipande vipande. Ndiyo, utakatika, na nataka tupime unakatika kiasi gani ili tujue wa katikati amekuwa akitubebea mzigo mkubwa kiasi gani.

Asubuhi nikampigia Mjomba. Imezimwa, kama kawaida yake. Nikampigia Mama, wala hatukufika kwenye habari hiyo. Ndege kwelea kwelea wameshatua, uwele umeshika punje, na watoto waliokuwa wakiamia wamerudi shule. Anapiga debe kuwafukuza ndege peke yake tangu alfajiri, na lile goti lake. Rehema hapati ruhusa kazini kabla ya mwisho wa mwezi. Sijui tumtume nani.