Usiku wa nyatiti Alego

Desemba 1996 nilipeleka spika kwenye matanga ya bibi mmoja huko Alego, Siaya. Wakati huo nilikuwa nakodisha mitambo ya sauti Kisumu, na kazi nyingi za matanga zilikuwa za kucheza kaseti usiku kucha. Hii ilikuwa tofauti. Familia ilimwita mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, naye alikuwa mzee mmoja wa Ugenya, na mtoto wa marehemu alitaka hata waliokaa nje ya boma wamsikie.

Jathum, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwanamuziki, alifika jua likiwa bado juu. Ala hakuifungua. Aliketi na dada wa marehemu chini ya mwembe akawa anauliza: bibi alizaliwa kwa nani, ukoo wa mama yake ni upi, ng'ombe wa mahari walipelekwa na nani, sokoni alikuwa akiuza nini, wajukuu wakubwa wako wapi. Hakuandika kitu. Wimbo wa usiku ule ulikuwa bado haujatungwa, na hapo ndipo alipokuwa anakusanya maneno yake.

Nyatiti yenyewe ni bakuli la mti uliochongwa, limefunikwa ngozi ya ng'ombe. Miti miwili inatoka kwenye bakuli, na wa tatu unaiunganisha kwa juu. Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe. Za mzee zilikuwa za nailoni, uzi uleule wa wavuvi wa ziwani. Huku juu kila uzi umeshikwa na pete ya kitambaa iliyokazwa kwenye mti, na ukiisokota pete sauti inapanda au inashuka. Hakuna skrubu ya kuzuia, kwa hiyo pete ikilegea, uzi unashuka wenyewe katikati ya wimbo. Nailoni mpya nayo huendelea kuvutika. Mzee alikuwa amebadilisha uzi mmoja karibuni, na ndio uliomsumbua hadi asubuhi. Nilimwona akiusokota kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea kupiga, na wachezaji hawakugundua kitu.

Umande ulipoanza kushuka, ngozi ilishika unyevu ikalegea, na sauti ikafifia. Dawa yake ni moto. Lakini kwenye ngozi hiyohiyo, pale nyuzi zinapokanyaga daraja, yaani kijiti kinachozibeba, kuna vipande vya tete vilivyogandishwa kwa nta, na ndivyo vinavyoipa nyatiti mvumo wake kama wa nyuki. Ngozi inataka joto, nta haitaki. Mzee aliishika ala urefu wa mkono kutoka kwenye makaa, akaigeuza polepole, akagonga ngozi kwa ukucha, akasikiliza, akaigeuza tena. Kila baada ya muda alibonyeza nta kwa kidole gumba kujua kama imeanza kulainika. Akiharakisha, vipande vinahama, na mvumo ukipotea nyatiti inabaki na mlio mkavu tu. Alilirudia zoezi hilo karibu kila mapumziko.

Nilikuwa na maiki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mdomo. Ya pili niliiweka kama shubiri moja kutoka kwenye ngozi, ikielekea darajani. Ukiielekeza kwenye tundu la ngozi, besi inajaa na spika zinapiga mluzi. Jenereta tuliificha nyuma ya nyumba ya mwisho. Kilichobaki ni mguu. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, ala ameilaza ubavu mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa oduong'o, pete nzito ya chuma. Hiyo huigonga kwenye mti wa ala kutunza mwendo. Kifundoni hufunga gara, njuga za chuma. Kishindo kilipitia ardhini kikapanda hadi kwenye maiki, kwa hiyo nilikunja gunia nikaliweka chini ya stendi. Mzee aliponiona akainama.

"Nyathina, mwanangu, mguu wangu usiuzime. Watu wanachezea mguu."

Nikamjibu, "Hapana, mzee, nazuia udongo tu. Chuma kitasikika."

Akaipiga pete mara kadhaa, akasikiliza spika ya mbali, akatingisha kichwa kukubali.

Alianza na nyuzi peke yake, muda mrefu, mikono miwili ikijibizana hadi mtu asijue mkono upi unaongoza. Kisha akajitaja, akamtaja baba yake, akasalimia boma, ndipo akaingia kwa marehemu. Yale ya chini ya mwembe yakaanza kutoka moja baada ya jingine, yamepangwa kwa mapigo. Alipofika kwenye ukoo wa mama wa marehemu, akina mama wa upande huo waliinuka wote kwa pamoja.

Halafu pakruok, yaani kujisifu. Mtu anasimama, ananyoosha mkono, mzee anashusha ala, na kimya kinakuwa cha yule mtu. Anaweka noti kwenye sahani, ya 20 au ya 50, kisha anajisifu: "An wuod nyar Seme!" Ni mtoto wa binti wa Seme, na baada ya hapo anaeleza ziwa lake, ng'ombe wake, rafiki zake walioko Mombasa. Akimaliza, oduong'o inagonga na wimbo unaendelea, safari hii yeye akiwa ndani yake. Mgeni anaweza kudhani wimbo unakatizwa. Mimi nauona ndio ufundi mkubwa kuliko vidole: mzee alisikia sifa mara moja, akaichonga ikaingia kwenye mwendo, na beti chache baadaye akairudisha akiwa ameifunga na jina la marehemu. Jamaa wawili waliokuwa na ugomvi wa shamba walijikuta katika mstari mmoja, na wote wawili wakatoa noti tena.

Wapiga gitaa wa benga, muziki wa dansi wa Wajaluo, Shirati Jazz ya D. O. Misiani wakiwamo, walirithi mwendo huo wa vidole, na nawapenda. Lakini santuri ya mwendo wa 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, na hakuna awezaye kuisimamisha ili ajisifu.

Asubuhi mtoto wa marehemu aliomba ule wimbo wa mama yake urudiwe, niurekodi kwenye kaseti bila kelele za watu. Mzee akakubali, akapasha ngozi, akakaza ule uzi msumbufu. Mapigo yalikuwa yaleyale. Maneno yalikuwa mengine: aliwaimba waliokuwa wameketi mbele yake saa ile, wapishi, wachimba kaburi, na mimi nikiwa na gunia langu.