Gunia 1, uniti 9

Jumanne iliyopita saa nne asubuhi umeme ulikatika kwenye mashine yangu ya nafaka nikiwa na gunia 6 za mahindi zimeshakobolewa, bado kusagwa. Asiyeshinda kwenye mashine hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mahindi ya sembe unayanyunyizia maji kwanza, unayaacha ganda lilegee, ndipo unayaingiza kwenye mashine ya kukoboa. Yanatoka meupe, ya moto, na yana unyevu. Hapo yasagwe au yaanikwe, hakuna njia ya tatu. Yakibaki kwenye viroba kwa joto hili la Manzese, Dar es Salaam, jioni ukiingiza mkono katikati unakuta fukuto, na ukinusa vidole ni uchachu mtupu. Mama lishe ataujua unga huo kabla hajafungua mfuko.

Tuliyatandaza kwenye turubai nje, mimi na vijana wangu wawili, tukiyageuza kwa mikono huku tunaangalia wingu. Umeme ulirudi saa kumi na moja. Hatukuwa tumepewa taarifa yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. Ningejua jana yake, nisingekoboa.

Nina daftari la mashine. Gunia la kilo 100, kukoboa na kusaga, linakula uniti 9 hivi. Natoza shilingi 80 kwa kilo, yaani 8,000 kwa gunia, na humo humo mna mishahara, kodi ya pango, mikanda na chekeche. Nikinunua umeme wa shilingi 200,000, ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, unaniletea uniti 561.4. Bei ya kundi langu la T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti, lakini ukiongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, tozo ya REA ya umeme wa vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, uniti inanifikia kwa shilingi 356. Mtu wa mauzo kama yangu hajasajiliwa VAT, kwa hiyo hakuna mahali pa kudai hiyo 18 irudi. Inaingia kwenye unga.

Na hapa ndipo ninapotaka wapanga bei wanisikilize. Mama wa hapa mtaani anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Ni haki yake, na nisingependa aguswe. Lakini mama huyo hapiki ugali kwa uniti zake za bei nafuu. Anakuja na ndoo yake kwangu, na mahindi yake yanasagwa kwa umeme ule ule wa bei ya baa na saluni. Nafuu aliyopewa kwenye taa anairudisha kwenye unga bila kujua. Mashine za nafaka zingewekewa bei yao, nafuu hiyo ingefika hadi kwenye sufuria.

Wako wanaosema tununue injini ya dizeli. Ninayo. Gunia moja linakunywa lita 3. Septemba 2023, wakati wa mgao wa umeme, bei kikomo ya dizeli hapa Dar ilivuka shilingi 3,200 kwa lita. Piga hesabu: mafuta peke yake 9,600, na mimi natoza 8,000. Nilisaga kwa hasara wiki tatu ili nisipoteze wateja, na jirani yangu aliyepandisha bei akawapoteza. Mama mmoja aliniuliza, "Baba Salma, na wewe utatupandishia?" Nilishindwa kumjibu.

Mgao ule umeisha, nakiri kwa moyo mweupe. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024 nilifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Ila megawati za Rufiji zinanifikia kupitia transfoma moja ya mtaa, ambayo nyumba zimeongezeka juu yake kila mwaka na yenyewe ni ile ile. Jioni umeme unakuja mdogo, mota inanguruma na kupata moto. Mwaka jana fezi moja, yaani waya mmoja kati ya nyaya tatu zinazolisha mota, ilikatika, zikabaki mbili. Kabla kijana hajafika kwenye swichi, harufu ya waya ulioungua ilishajaa chumba kizima. Kusuka mota upya, laki nne na nusu, na siku tano tumefunga.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia takwimu za uzalishaji, nauliza za transfoma. Na naomba jambo jepesi kabisa: ujumbe wa simu, siku moja kabla, kwa kila aliye kwenye laini itakayozimwa. Namba zetu za mita zinajulikana, na simu tunazonunulia umeme zinajulikana.

Mpaka hapo, nimebadili utaratibu. Sikoboi zaidi ya gunia 2 kwa mkupuo. Zikisagwa ndipo nanyunyizia nyingine. Kazi ya saa tano sasa inachukua saa saba, na vijana nawalipa hizo mbili za ziada.