Nilivyolinganisha amplifaya zangu bila kudanganywa na volyumu

Nina amplifaya tatu hapa home, moja ya zamani klasi AB (transista za mtindo wa kawaida) nzito kweli kweli, nyingine ndogo ya klasi D (transista zinazowaka na kuzima haraka sana) na ya mwisho ya valvu (zile taa za kioo badala ya transista), sasa shida ni kila nikizilinganisha leo inashinda hii kesho ile. Dawa yake ni kuzisawazisha volyumu kwa multimita (kipimo cha umeme) ya kawaida tu ya fundi. Nilipiga toni ya 400 Hz kutoka kwenye simu, multimita nikaiweka kwenye volti za AC, ncha moja terminali nyekundu ya spika na nyingine nyeusi (zisigusane jamani, unaunguza ampu!), nikapandisha volyumu taratibu mpaka ikasoma volti 2.83, ambayo kwa spika ya omu 8 ni wati 1, nikachora alama kwenye nobu, nikazima kabisa ndo nikahamisha waya kwenda ampu nyingine, nayo nikaipandisha mpaka volti zile zile. Sikio likipata sauti iliyozidi kidogo tu, hata chini ya desibeli 1, halikwambii imezidi, linakwambia hii ni nzuri zaidi.

Baada ya hapo mdogo wangu akawa anabadilisha mimi sioni. AB na klasi D sikuzitofautisha hata kidogo. Ya valvu niliijua, besi yake imejaa zaidi, kwa sababu ukinzani wa ampu yenyewe pale inapotoa umeme kwenda spika ni mkubwa na omu za spika hazibaki 8, zinapanda kwenye besi na volti inapanda nazo. Mi naipenda hivyo hivyo. Ila ya valvu usiiwashe bila spika, inaweza kuua transfoma.