Nilivyojifunza meditesheni nikiwa ndani, makelele na yote

Ule ushauri wa "toa mawazo yote kichwani" ulinipotezea karibu miezi miwili. Jamaa tuliyekuwa naye selo moja ndo alinipa, akasema kaa, fumba macho, usiwaze kitu. Basi nakaa, nabana meno, nafukuza mawazo kama unavyofukuza kuku kwenye nafaka iliyoanikwa, na kadiri ninavyofukuza ndo yanavyorudi kwa wingi, kesi, mama, yule aliyesimama kutoa ushahidi, mpaka nainuka pale nina hasira kuliko nilivyokaa. Siku moja nilimfokea mwenzangu eti kwa nini amekohoa.

Kozi ya meditesheni ilipokuja gerezani nikajiandikisha, bure kabisa, mwalimu alikuwa anajitolea. Siku ya kwanza akatusimulia habari ya Tihar, lile gereza kubwa la Delhi, India, mwaka 1994 chini ya Kiran Bedi, mkuu wa magereza wa pale wakati huo, wafungwa zaidi ya 1,000 walikaa siku 10 bila kuongea, zile siku za mwanzo kazi yao ni kuangalia pumzi tu inavyoingia na kutoka puani. Na mwaka 2002 kozi kama hiyo ikafanyika Donaldson, gereza la ulinzi mkali kule Alabama, Marekani. Yetu ilikuwa fupi, mara moja kwa wiki, lakini mimi kusikia kwamba watu wenye vifungo vya maisha waliweza kulinitosha.

Mwalimu akasema wazo likija usigombane nalo, jua tu kwamba umewaza, rudi kwenye pumzi, hata mara mia. Jamani, kumbe ndo hivyo tu!

Ikabaki kelele. Wengi wanakwambia subiri patulie, sasa jela panatulia saa ngapi? Mimi nikachukua kelele yenyewe. Geti la korido yetu lilikuwa na mpangilio wake, kwanza unasikia funguo kiunoni kwa askari, halafu komeo linakwaruza, halafu chuma kinagonga chuma. Zamani zikilia funguo tu tumbo linakaza. Nikaamua kila zikilia naanza kutoa pumzi polepole, mpaka geti ligonge nimemaliza. Mara ngapi kwa siku hiyo, sikuhesabu, ni nyingi mno, na kila moja ikawa zoezi.

Blanketi likunje mara nne ulikalie, magoti yashuke, mgongo hautauma. Usifanye umelala, utasinzia. Na ukifumba macho yakakujia mambo mabaya ya zamani, fumbua, tazama sakafu, sikia nyayo zako zilivyokanyaga, halafu mwambie mwalimu, usijikaze kimya kimya maana kuna watu wanaumia hivyo.

Nilijua imeingia siku ya foleni ya kuoga. Mtu kanisukuma, kanipita, na nikasikia moto unapanda kifuani, nikausikia kabisa, unapanda, unafika shingoni. Zamani nisingeusikia, ningekuwa nimeshampiga na nimeshaongezewa adhabu. Nikatoa pumzi. Yule akaoga, na mimi nikaoga baada yake, na maji yalikuwepo.

Kwenye kozi tulipewa pia kazi ya kumwandikia barua tuliyemkosea, barua ya kubaki nayo mwenyewe. Yangu ilichukua wiki tatu kupita mstari wa kwanza.

Sasa niko nje mwaka wa pili, na mpaka leo mtu akitoa funguo mfukoni karibu yangu, natoa pumzi.