Nilivyopata jiko la plate mbili bila kuoa

Kabla sijatoa hata shilingi kununua kontrola, kile kifaa cha DJ chenye sahani mbili na vijiti kinachochomekwa kwenye kompyuta, nilimfuata kaka mmoja wa Temeke, DJ wa siku nyingi, nikamwomba ushauri. Alinisikiliza huku anakunywa soda niliyomnunulia mimi, halafu akasema: "Mdogo wangu, usinunue kontrola ndogo. Watu wakikuona na kitu kidogo hawakulipi. Chukua ya chaneli nne, hata kwa mkopo."

Mimi sina gari. Kazini naenda kwa bodaboda, kukiwa mbali sana napanda daladala. Zile za chaneli nne, yaani za kushika nyimbo nne kwa pamoja, alizokuwa ananionyesha kwenye simu zina uzito wa kilo sita na zaidi, na nyingi zinataka adapta yake ya umeme wa ukutani. Nilimuuliza umeme ukikatika inakuwaje. Akasema ukumbi utawasha jenereta. Sawa, jenereta inawaka, lakini zile sekunde za katikati kontrola inazima, ikirudi inaanza kujitafuta na kompyuta upya, wimbo umepotea, na MC anakuangalia kama umemwibia. Hilo hakuliona kuwa tatizo. Soda ilipoisha akaondoka.

Kwa hiyo nikafanya kinyume kabisa, na hapo napo nilikosea. Nikanunua kidude kidogo cha mkononi kutoka kwa rafiki, kinaingia kwenye begi la shule, sahani zake mbili ndogo kama vifuniko vya chupa ya uji. Bei ilikuwa laki na nusu hivi, na nyongeza ya viatu. Programu ya kupigia muziki niliyokuwa naitumia tangu zamani kwa kipanya ilikuwa ya bure, nikaichomekea kidude, ikakubali, nikajiona nimemaliza.

Hapa lazima niwasimulie taratibu, maana aibu hii nimeilipia.

Programu ile ilikuwa bure kwa anayetumia kipanya na kibodi. Ukichomeka kontrola bila leseni, inakupa dakika 10 za kujaribu, basi. Maelezo yalikuwepo kwenye kioo, kwa Kiingereza, kwenye kiboksi ambacho mimi kila mara nilikuwa nabonyeza OK bila kusoma. Nyumbani sikuwahi kugundua kwa sababu sijawahi kufanya mazoezi dakika 10 mfululizo. Napiga nyimbo mbili, mama ananituma dukani. Narudi, nafungua upya, napiga moja, umeme wa luku umeisha. Mwezi mzima hivyo hivyo.

Siku ya kazi, send-off, Mbagala. Shangazi zake bibi harusi wamejipanga na zawadi, mbele wawili wamebeba vitenge kichwani, mmoja wa nyuma kabisa ana ndoo mbili mpya zenye masufuria ndani. Wanacheza kwa hatua, mbele mbili nyuma moja, mistari imenyooka. Nikasema ngoja niwabadilishie wimbo kwa ufundi. Nasukuma kijiti, hakuna. Nazungusha sahani, hakuna. Kontrola imekuwa ubao wa kukatia mboga. Wimbo uliokuwa unapigwa ukaendelea mpaka ukaisha wenyewe, halafu ukumbi ukawa kimya, kimya cha kusikia feni. Shangazi wa ndoo akaniita kutoka katikati ya ukumbi:

"Mwanangu DJ, umeme umekatika?"

"Hapana, mama."

"Maana taa naziona zinawaka."

Nilimalizia usiku ule kwa kipanya, juu ya kitambaa cha meza cha saten ambacho kipanya hakikioni. Kila nikitaka kushusha sauti, mshale unarukia kona ya kioo. Kamati walinilipa, lakini bahasha ilikuwa nyembamba na sikuwa na mdomo wa kuuliza.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma kabla ya kununua. Nikagundua kuna kontrola ambazo kifaa chenyewe ndiyo leseni: ukikichomeka, programu inafunguka bila kulipa. DDJ-400 ya Pioneer DJ ni hivyo na programu ya rekordbox. Ilitoka mwaka 2018, ina chaneli mbili, pedi 8, yaani vitufe vya kugonga kwa vidole, kila upande, kilo mbili na kidogo, na inakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu. Yaani Tanesco wakichukua umeme wao, spika zinanyamaza lakini wimbo wangu unaendelea kutembea kwenye kioo. Nausimamisha, jenereta ikiwaka naendelea pale pale. Iliyokuja baada yake ni DDJ-FLX4, hii inafanya kazi na rekordbox na pia Serato, programu nyingine ya u-DJ, waya wake ni ule wa Type-C wa simu za sasa, na sauti ya maiki inaweza kuingia mpaka kwenye kompyuta ukitaka kurekodi au kurusha mtandaoni. Mwenye hela ya mpya achukue hiyo. Mimi hela ilikuwa ya kutumika.

Kariakoo nilienda na laptopu yangu mgongoni, hedifoni zangu na waya wangu wa USB, ule wa mraba kama wa printa. Usikubali kujaribishiwa kwa laptopu ya muuzaji, yeye anajua abonyeze wapi na asiguse wapi. Ya kwanza nilifunga kijiti cha sauti mpaka chini, nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti kuu. Wimbo ukawa unasikika kwa mbali, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta. Kijiti kimechoka. Muuzaji anasema, "Hiyo kawaida, kaka." Siyo kawaida. Ya pili pedi moja ya kushoto ilikuwa haiitiki mpaka uikandamize kwa dole gumba. Ya tatu niliitikisa waya pale unapoingia, huku muziki unapigwa, haikukatika. Nikabonyeza pedi zote 16, mbili mbili. Muuzaji alishanichoka, na ndiyo maana nadhani alinipunguzia. Nilitoa laki saba na kitu, sehemu fedha na sehemu simu yangu ya zamani, kwa hiyo bei kamili sijui hata mimi.

Tatizo likawa kuibeba. Ina upana wa sentimita 48, begi la laptopu haliingii, na mabegi yake yenyewe bei yake inakaribia kununua mbuzi. Nikaipeleka kwa fundi cherehani Tandika. Akaipima kwa utepe, akaizunguka, akaziangalia zile sahani mbili za duara, akauliza:

"Hiki ni kinanda au jiko la gesi?"

Tangu siku hiyo jina ni jiko la plate mbili. Alinishonea begi la turubai, ndani sponji la godoro alilolikata kwa kisu cha mkate, juu mfuko wa waya, mikanda miwili ya mgongoni. Mvua imelinyeshea mara mbili na jiko limetoka kavu. Mama ndiye aliyeharibu: aliwaambia majirani kijana wake kapata jiko. Wiki nzima napewa hongera, mzee mmoja akaniuliza ni kabila gani.

Kuhusu laptopu sitasema mengi. Yangu ni ya ofisini iliyotumika, RAM GB 8, diski ya SSD, inatosha. Zima Wi-Fi, zuia Windows isijisasishe siku ya kazi, na sauti ikianza kutatarika kama bisi jikoni, ongeza kiwango cha bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaiandaa kabla ya kuipiga, kwenye mipangilio ya sauti. Kontrola itachelewa kuitika kidogo mno, huwezi kuhisi, na bisi zinaisha. Na usiipitishe kwenye kile kigawanya USB cha elfu tano, chomeka moja kwa moja.

Sasa kitufe cha SYNC. Vijana wanakisifu, wazee wanakitukana, mimi nimepitia kote. Programu inasoma wimbo, inachora mistari pale mapigo yanapoangukia, halafu SYNC inailinganisha mistari ya nyimbo mbili. Bongo fleva na amapiano zimetengenezwa kwa kompyuta, mistari inakaa. Lakini rumba na zilipendwa zilipigwa na binadamu. Mpiga ngoma akichangamka anaongeza mwendo, akichoka anapunguza, na mistari haijui. Nilijaribu kuchanganya zilipendwa mbili kwa SYNC kwenye harusi ya watu wazima, nikajifanya nafumba macho kwa hisia. Ilisikika kama farasi wawili juu ya bati. Mzee wa kamati akaja taratibu, akanishika bega: "Kijana, hii bendi ina wapiga ngoma wangapi?" Siku hizi zilipendwa nauacha wimbo uishe, nashusha taratibu, naingiza mwingine. Wazee hawataki ufundi, wanataka wimbo wao mpaka mwisho.

Lakini singeli! Hapa naomba nijisifu.

Singeli inakimbia mapigo 200 kwa dakika na kuendelea. Amapiano iko 112, 113 hivi. Kila mtu aliniambia huwezi kutoka amapiano kwenda singeli bila kukata muziki na kupiga king'ora. Na mimi nilikuwa napiga king'ora. Siku moja nikiwa napanga nyimbo nikaona rekordbox imeandika singeli moja kuwa ina BPM 112, yaani mapigo 112 kwa dakika. Nikacheka, nikataka kuirekebisha. Halafu nikashtuka: programu imehesabu nusu. Wimbo ni 224, imehesabu pigo moja na kuruka moja. Maana yake mistari ya singeli na ya amapiano inakaa pamoja kabisa, ila singeli inapiga mara mbili ndani ya nafasi ile ile.

Kwa hiyo nafanya hivi. Amapiano inapofika sehemu ya ngoma tupu, nashikilia kitufe cha lupu, inajirudia mapigo manne. Huku singeli iko tayari kwenye sahani ya pili, nimeisikiliza kwenye hedifoni. Naikata lupu iwe mapigo mawili. Watu wanaanza kuangaliana. Moja. Nusu. Hapo ngoma inagonga dududududu, na ile nusu ndiyo kasi yenyewe ya singeli, masikio yao yameshafika kabla miguu haijajua. Naachia. Mara ya kwanza kuifanya ilikuwa mtaani, Tandika hapo hapo, na yule fundi cherehani alikuwepo. Alivua shati. Fundi ana miaka hamsini na kitu.

Mngurumo nao uliniteka miezi miwili. Kila ukumbi nikichomeka kwenye miksa, ile mashine ya ukumbi inayopeleka sauti kwenye spika, spika zinanguruma mmmmm chini ya muziki. Nimebadilisha waya mara tatu, nimemlaumu mtu wa spika mbele za watu, jambo ambalo nimeshamwomba radhi. Siku moja mtoto wa mwenye ukumbi alijikwaa kwenye chaja ya laptopu yangu, ikachomoka, mngurumo ukafa. Nikairudisha, ukarudi. Chaja ilikuwa soketi ya huku, miksa imechomekwa upande wa pili wa ukumbi, na umeme unapata njia ya kuzunguka kupitia waya wangu wa sauti. Sasa natembea na ekstensheni ndefu, napeleka laptopu na miksa kwenye soketi moja. Mara nyingi inatosha. Isipotosha natoa chaja wakati wa hotuba, wakati ambao kila mtu ananyamaza na mngurumo ungesikika, naichomeka tena wakati wa kucheza.

Na waya. DDJ-400 inatoa sauti kwa RCA, zile pini mbili nyekundu na nyeupe, miksa nyingi za kumbi zinataka jeki kubwa. Nina seti mbili za waya huo na moja imefichwa. Yule kaka wa Temeke mwenye chaneli nne alinipigia mwezi uliopita kuniazima. Nilimwazima ile isiyofichwa.

Kazi kubwa kwa kweli ni nyumbani, kupanga. Kila wimbo wa kuingilia naweka alama pale kiitikio kinapoanza, kwenye pedi namba moja, kwa sababu MC akisema "wazazi karibuni" huna muda wa kusikiliza dibaji ya kinanda. Wimbo wa wazazi hivyo hivyo, wa maharusi hivyo hivyo. Nawaomba maharusi orodha wiki moja kabla, na jina la wimbo liandikwe kamili, nikautafute wenye sauti safi. Wote wanakubali, wote wanasema "usijali kaka DJ".

Nikiwa naandika hapa simu imeita. Bibi harusi wa kesho, Kigamboni, amenitumia wimbo wa kuingilia ukumbini kwa WhatsApp. Faili linaitwa AUD na tarehe na WA0031. Lina sekunde 47, na katikati mtu anakohoa.