Mahadhi ya kuazima, maneno ya kwetu

Ijumaa iliyopita baada ya isha, mvua ilikuwa inapiga mabati hapa Wete, Pemba, hadi ukitaka kusema na mtu lazima umsogelee sikioni. Mdogo wangu akaingia na flashi yake, kaiviringa kwenye leso isirowe, akasema kaipata filamu ya Drishyam. Nikamwambia hiyo tushaiona, ya Kihindi, ya Ajay Devgn.

"Siyo hiyo, dada. Hii ndiyo mama yao. Ya Kimalayalam, ya 2013."

Mama akauliza Kimalayalam ndiyo lugha gani. Nikamwambia ya watu wa Kerala, pwani ya Malabar. "Aa, Malabar," akasema, akavuta mto, akakaa. Jina hilo wazee wa hapa hakuna haja ya kuwafafanulia.

Maneno hatukuyasikia kwa mvua, na hata tungeyasikia yasingetufaa kitu. Mimi nikawa nasoma maandishi ya Kiingereza ya chini na kuyatoa kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, mpaka koo likakauka. Hazijapita dakika kumi mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Huyu si stelingi. Mtu wa Konde huyu."

Na kweli. Georgekutty, anavyochezwa na Mohanlal, ni mtu mzima mwenye tumbo lake, kajifunga shuka nyeupe kiunoni kama msuli, mbahili kwa wanawe kwenye nguo na manunuzi. Skuli aliachia darasa la nne. Ana shamba, na ana ofisi ndogo ya kuunganishia watu kebo za televisheni, ambamo hukesha akitazama filamu. Nyuma yake minazi, mvua, barabara nyembamba iliyozibwa na majani. Mikarafuu tu ndiyo sikuiona.

Hadithi kwa ufupi: bintiye anafikwa na balaa, kijana wa mkuu wa polisi anauawa nyumbani kwao bila kukusudia, na baba anawakinga wanawe kwa yale aliyojifunza kwenye filamu. Anawapakia basi, anaweka tiketi, anakula nao mkahawani, anawapeleka sinema, halafu anakwenda kwa kila aliyewaona kuipanda tarehe ya uongo kichwani mwake. Ndani ya filamu ile elimu yote ya shujaa ni picha za watu wengine. Sijaona filamu nyingine iliyokiri hivyo waziwazi kwamba mtu hutunga kutokana na alichokitazama.

Mdogo wangu akasema: "Kwa hiyo ile ya Ajay Devgn waliiba."

Hawakuiba, waliinunua. Na si wao peke yao. Kwa Kikannada na Kitelugu ilitoka 2014, Kitamil na Kihindi 2015, Kisinhala 2017, na 2019 Wachina wakaifanya ya kwao, familia ya Kichina inayoishi Thailand, na mwisho wake wakaubadilisha, vipi, sisemi. Kilichonishughulisha mimi ni vitu vidogo. Kerala, siku mbili za kisingizio ni tarehe 2 na 3 Agosti, na familia inasema ilikwenda kwenye mafungo ya Kikristo. Ya Kihindi ikahamia Goa, siku zikawa 2 na 3 Oktoba, na mafungo yakawa mawaidha ya swami, mwalimu wa dini ya Kihindu, mjini Panaji. Aliyeyabadilisha hayo alikaa akajiuliza: kwetu, mtu mwenye familia akitaka kuonekana hana hatia, husema alikwenda wapi?

Mama alikuwa kanyamaza. Halafu akasema, "Mahadhi ya kuazima hayo." Ujanani mwake aliimba taarab kwenye maharusi, na nyimbo mbili alizopendewa sana mahadhi yake yalitoka kwenye picha la Kihindi, maneno kayatunga shangazi yake. "Watu walilia kwa maneno. Mahadhi yalikuwa mlango tu."

Marehemu baba angekubaliana naye. Miaka ya tisini alikuwa na duka la kukodisha kanda, na deki mbili za kujaribia. Kanda ikikatika aliiunga kwa gundi ya karatasi na wembe, kaishika pumzi. Kanda iliyoungwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa Sholay, ya 1975. Mimi nilikuwa mkubwa ndiyo nikajua kwamba mwanakijiji anayetafuta watu wa kumlindia kijiji na majambazi alianzia Japani, kwenye filamu ya Akira Kurosawa ya 1954, akapita Marekani mwaka 1960, kijiji kikawa cha Mexico, ndipo akafika India. Lakini Thakur, huyo mwenye kijiji wa Sholay, na shali yake ni wa Kihindi. Baba aliturudishia mara ngapi ule upepo unaoipeperusha shali, tukaona mikono haipo! Hilo hawakuliazima kwa mtu.

Kuazima kuna adabu yake, lakini. Mwitaliano Sergio Leone alipotoa A Fistful of Dollars mwaka 1964, hadithi ilikuwa ya Yojimbo ya Kurosawa huyohuyo, ya 1961, na ruhusa hakuomba. Wajapani wakamshitaki, wakapatana, na Kurosawa akapewa asilimia 15 ya mapato. Naona ni haki kabisa. Mahadhi ya watu, uwaambie.

Sasa la kwangu, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Miaka sita iliyopita mimi na wenzangu watano tulitengeneza filamu. Skripti niliiandika kwa mkono, kwenye daftari la skuli. Ni mjane na wanawe wawili katika msimu wa karafuu, na roho ya hadithi ni usiku mmoja: mama kakaa juu ya jamvi anachambua, mwanawe mkubwa anakuja kumwambia kwamba mikarafuu ya marehemu ameiweka rehani. Mama hasemi. Kishada kinapindwa kiganjani, karafuu zinadondoka mbele yake, makonyo, vile vijiti vyake, anayatupa nyuma. Kingine. Kingine tena. Halafu mikono inasimama. Dakika tatu nzima, hakuna muziki.

Msambazaji tuliyempelekea alisema watu watalala. Itoke. Na tumfanyie sehemu ya pili, hadithi moja tuiuze mara mbili. Tulikuwa na madeni, tukakubali. Tukaazima nyumba yenye makochi. Gari ikawa inaingia getini, inaegeshwa, mlango unafunguliwa, mtu anapanda ngazi moja moja, ili tu dakika zijae. Na pale penye jamvi tukaweka ugomvi wa sebuleni tulioutoa kwenye picha la Kihindi, sentensi kwa sentensi. Aliyeutafsiri ni mimi. Mama alipoitazama alisema neno moja: "Hii nimeiona." Akaondoka kwenda kutia wali moto.

Sehemu ya pili si kosa. Drishyam ina ya pili, ya 2021, mwongozaji ni yuleyule Jeethu Joseph. Miaka sita imepita, Georgekutty sasa ana jumba la sinema na ameanza kulewa, majirani wananong'ona, binti anashtuka akisikia polisi. Ile ya kwanza iliacha deni, hii inalilipa. Yetu haikuwa na deni lolote ila la msambazaji.

Basi Ijumaa ile, filamu ilipokwisha na mvua bado haijakatika, nikalitafuta daftari. Nikamsomea mama usiku wa jamvi kama ulivyokuwa mwanzo, kabla haujatolewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye dirisha.

"Nani alikwambia makonyo hutupwa nyuma?"

Nikasema niliandika tu.

"Makonyo hayatupwi, mwanangu. Kiwanda kipo Wawi, yanauzwa, yanatolewa mafuta. Yanawekwa kwenye pakacha. Na mwanao akikwambia karafuu za baba yake zimeshakuwa za watu, kitu cha kwanza utakachokitazama ni hilo pakacha. Ndicho ulichobaki nacho."

Nimefuta mistari miwili. Pakacha nimeliweka mkono wake wa kushoto, karibu na taa.