Tundu nane za kompyuta ya roketi

Bodi nyingi ndogo za kompyuta zinazofungulia parachuti za roketi za burudani zina tundu nane za skrubu: mbili za betri, mbili za swichi, mbili za parachuti ndogo inayotoka roketi ikifika kileleni, na mbili za ile kubwa inayosubiri hadi chini, mara nyingi kati ya mita 150 na 300.

Kwa betri, soma alama za bodi yenyewe. Usiamini rangi za waya wala plagi. Plagi mbili zinazofanana kabisa huweza kuwa zimefungwa kinyume. Ukigeuza chanya na hasi, bodi isiyo na kinga inaungua hapo hapo.

Penye balaa ni zile tundu nne za parachuti, ambamo hufungwa viwashi: vifaa vidogo vya umeme vinavyowasha baruti ya kusukuma parachuti nje. Wengi hudhani hazina umeme mpaka kompyuta itoe amri. Kwenye bodi nyingi sivyo: tundu moja ya kila jozi imeungwa na chanya ya betri, na transista (swichi ya kielektroniki) hukata upande wa hasi. Kwa hiyo swichi ikiwa imewashwa, waya wa pili wa kiwashi ukigusa hasi mahali popote, hata kupitia bomba la kaboni (kaboni hupitisha umeme), baruti inawaka bila kompyuta kuulizwa.

Pima kiwashi kwa multimita kabla hakijatiwa baruti. Vingi husoma omu 1 hadi 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Makumi ya omu ni dalili ya kiungo kibovu. Karibu na sifuri ni shoti. Seli moja ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, hivyo kiwashi cha omu 1.5 kitavuta hadi ampea 2.8. Betri dhaifu huzama volti wakati huo na kompyuta inajiwasha upya ikiwa angani. Betri yenye sakiti ya kinga nayo yaweza kuona mvuto huo kama shoti, ikakata umeme wote.

Tumia waya wa nyuzi nyingi. Menya milimita 5 hivi, sokota, ingiza, kaza, kisha vuta. Ncha usiipake risasi ya kulehemu: risasi ni laini, hubonyea taratibu chini ya skrubu, na waya uliokuwa imara jioni unachomoka asubuhi. Nyuzi moja ikichungulia nje kuelekea tundu jirani, toa wote uanze upya.

Kihisi cha shinikizo, ambacho bodi hukitumia kujua kimo, hakina waya, lakini kinahitaji hewa ya nje: matundu matatu au manne yaliyopishana sawa kuzunguka bomba. Moshi wa baruti usikifikie, unakula chuma.

Swichi huwashwa mwisho, roketi ikiwa imesimama kwenye reli ya kurushia. Sikiliza milio: bodi nyingi hulia kutaja viwashi vinavyoonekana. Ikitaja kimoja badala ya viwili, zima kabla hujagusa waya wowote.